Baragumu na Visu Viwili: Habari za Beji za Kofia za Askari

   Mwenye daftari na alifungue. Mwenye redio inayokoroma na aisogeze dirishani. Tena leo nina ombi moja kabla hatujaanza: mwenye sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni aitoe, aishike mkononi. Msiogope, sichangishi fedha.

Itazameni sarafu hiyo. Upande mmoja kuna sura ya Mzee Karume, upande wa pili kuna simba. Pitisha kidole juu yake. Utaona mistari yake ni mikali, na kila herufi imesimama wima. Imekuwa hivyo kwa sababu sarafu haikumiminwa kama uji katika bakuli, bali iligongwa. Fundi huchonga sura katika chuma kigumu sana, kisha mashine hukigandamiza chuma hicho juu ya madini laini kwa nguvu kubwa, na sura ikabaki pale. Likumbukeni jambo hili la kugongwa, maana tutalirudia.

Somo letu la leo ni beji za kofia za askari. Beji ya kofia ni kipande kidogo cha chuma, upana wake kama vidole viwili au vitatu, ambacho askari hukibandika mbele ya kofia yake ili ajulikane ni wa kikosi gani. Duniani wako watu wengi wanaozikusanya beji hizi, kama wengine wanavyokusanya stempu. Na kwa kuwa za zamani ni chache na bei yake ni kali, wengi hukusanya nakala, yaani beji zilizotengenezwa baadaye kwa kuiga zile za kwanza. Katika nakala hizo zimo za askari wa Kigurkha.

Labda utauliza, Wagurkha ni nani, nao wana habari gani na sisi watu wa Dar es Salaam? Swali ni zuri.

Wagurkha ni watu wa nchi ya Nepal, nchi ya milima mirefu kaskazini ya Bara Hindi. Kati ya mwaka 1814 na 1816 walipigana vita na Kampuni ya Kiingereza iliyotawala India wakati ule. Kampuni ilishinda, lakini maofisa wake waliona kwamba hawajapata kupambana na watu hodari namna ile, na tangu mwaka 1815 wakaanza kuwaandika jeshini. Zikatokea regimenti kumi za Wagurkha, kila moja na nambari yake, ya kwanza mpaka ya kumi. India ilipopata uhuru mwaka 1947 regimenti hizo ziligawanywa. Sita zilibaki katika jeshi la India, na nne, yaani ya 2, ya 6, ya 7 na ya 10, zikaenda katika jeshi la Uingereza. Mwaka 1994 zile nne ziliunganishwa zikawa regimenti moja.

Silaha ya Mgurkha inayojulikana ni kisu kiitwacho kukri. Ni kisu kipana, kimepinda kama mundu uliovimba tumbo, na nyumbani kwao hukitumia kukatia kuni kama sisi tunavyotumia panga. Beji nyingi za Wagurkha zina visu hivyo viwili vimepishana, pamoja na nambari ya regimenti. Basi hata mtu asiyejua kusoma neno moja aliweza kuitambua: visu viwili na sita, huyu wa sita, visu viwili na saba, huyu wa saba. Regimenti ya pili ilikuwa na manyoya matatu ya mbuni. Ya kumi ilikuwa na baragumu, na kukri moja imepita katikati yake.

Hilo baragumu ndilo linalotuleta nyumbani. Askari wa bunduki wa zamani hawakupigana wamejipanga safu moja kama ukuta. Walitawanyika porini na milimani. Ngoma haikufaa kuwapa amri, kwa hiyo amri ilipigwa kwa baragumu. Ndiyo sababu vikosi vya bunduki vya Waingereza mahali pengi vilichukua baragumu kuwa alama yao, na kimoja katika hivyo ni kile ambacho babu zetu walikiita Keya.

Neno Keya limetoka katika herufi tatu, K, A na R, yaani King's African Rifles, jeshi la askari wa Kiafrika chini ya Waingereza. Jeshi hili liliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda, Somaliland na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Beji yake ilikuwa baragumu lililofungwa kamba, na nambari ya batalioni katikati ya kamba hizo.

Sasa turudi nyuma kidogo, tufike Tanga, mwezi wa Novemba 1914. Bara yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha anza, na Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kwa meli kutoka India ili kuiteka Tanga. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu karibu 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Tarehe 4 Novemba mapigano yakawa makali. Nyuki walichokozwa na risasi, wakatoka mizingani, wakawauma watu pasipo kuuliza nani Mwingereza nani Mjerumani, hata Waingereza wengine wakaviita vile Vita vya Nyuki. Katika askari wa Kiingereza walikuwamo Wagurkha. Hao, pamoja na kikosi kimoja cha Wazungu, waliingia mjini wakashika nyumba ya forodha na hoteli kubwa ya Wajerumani. Lakini wenzao upande wa pili walishindwa, na siku ya pili yake jeshi lote likapanda meli kuondoka. Upande wa Waingereza waliuawa watu 360 na kujeruhiwa 487. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 16 na askari wa Kiafrika 55.

Sikilizeni vizuri hapa. Wagurkha wale wa Tanga hawakuwa katika zile regimenti kumi za nambari. Walikuwa askari wa Maharaja wa Kashmir, mfalme mmoja wa Kihindi aliyekuwa na jeshi lake, ambalo ndani yake aliandika Wagurkha. Walikuja kwa jina la Kashmir.

Tuseme basi umekaa barazani kwako, Temeke, anakuja mtu na kitambaa kimekunjwa. Anakifunua, ndani mna beji ya shaba ya manjano, visu viwili na nambari 7. Anakuambia, “Mzee, hii ilivaliwa na Mgurkha katika vita vya Tanga. Iliokotwa pwani. Nipe bei nzuri.” Wewe uliyesikiliza somo la leo utamjibuje? Utamwambia, “Bwana mdogo, kaa kitako unywe kahawa, lakini Wagurkha wa regimenti ya saba hawakupigana Tanga.” Beji inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila habari iliyopachikwa juu yake ni ya uongo. Kwa maoni yangu uongo wa namna hii ni mbaya kuliko beji bandia. Beji bandia humla mnunuzi mmoja fedha zake, lakini habari ya uongo hurithiwa na watoto.

Sasa tutazame beji yenyewe, kwa kuwa nayo husema. Shika tena sarafu yako. Beji nyingi za zamani ziligongwa kama sarafu, kwa karatasi ya shaba iliyogandamizwa kwa chuma kilichochongwa. Kwa hiyo sura ya mbele huonekana pia nyuma, imezama ndani, kama alama ya kucha katika unga wa chapati. Mistari ni mikali. Nakala nyingi za bei rahisi hazigongwi, husubiwa. Fundi huchukua beji ya kweli, huigandamiza katika mchanga wenye unyevu au udongo laini akapata kalibu, kisha humimina shaba iliyoyeyuka. Mafundi wetu wa chuma wanaijua kazi hii. Lakini shaba ikipoa husinyaa. Basi nakala hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake, mistari imelegea, na uso una vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Tena huwa nene na nzito, na mgongo wake mara nyingi ni bapa. Mtu akifanya kalibu kwa nakala, akatoa nakala ya nakala, visu vya Mgurkha huanza kufanana na ndizi mbili. Nimeziona.

Geuza beji utazame mgongo. Beji hushikwa kofiani kwa njia mbili zilizo za kawaida: ama vitanzi viwili vya waya vilivyotiwa lehemu, ambavyo pini hupitishwa ndani yake, ama ulimi mmoja mrefu wa bapa unaochomekwa katika kitambaa. Katika beji ya zamani lehemu imeshika rangi ya uzee pamoja na shaba yake. Lehemu ikiwa inang'aa kama kijiko kipya na mbele kumechakaa, uliza maswali.

Uchakavu nao una njia yake. Askari alisugua beji yake kila siku, maana ikikosa kung'aa kwenye gwaride aliadhibiwa. Kwa hiyo zile sehemu zilizoinuka ndizo zilizolika, na mabondeni ukabaki uchafu mweusi wa miaka. Mdanganyifu huisugua nakala yake kwa msasa pande zote sawasawa, akasahau kwamba kitambaa cha askari hakikufika mabondeni. Nawaomba sana, hasa kina mama wenye kupenda nyumba safi: ukikuta beji ya zamani katika sanduku la marehemu, usiisugue kwa ndimu na majivu kama birika. Utaondoa ule weusi ambao ni ushahidi wake.

Zile zenye taji zina jambo lingine. Beji za Kiingereza za zamani zina taji ambalo juu yake matao yamepanda mviringo, hilo ni la wakati wa wafalme. Baada ya Elizabeth wa Pili kutawala mwaka 1952, taji lilichorwa matao yake yakibonyea katikati kama mgongo wa ngamia. Beji yenye taji la kubonyea ikiuzwa kwako kuwa ya vita vya 1914, mrudishie mwenyewe kwa adabu.

Msidhani kwamba ninazitukana nakala. Nakala ikitajwa kuwa ni nakala haina kosa. Mtu anayetaka kuwa na beji za regimenti zote kumi za Wagurkha juu ya ubao mmoja, awaonyeshe wanawe, afanyeje? Za asili hatazipata zote, au atauza shamba. Nakala inamtosha kwa kusomea. Tena heri nakala kumi kuliko beji moja ya asili iliyong'olewa katika sanduku la mjane kwa bei ya sahani ya chakula. Jambo moja tu: raia asivae. Sheria ya nchi yetu inamkataza raia kuvaa sare za jeshi bila ruhusa, na beji za jeshi letu la leo si vitu vya kuchezea wala kuuza.

Nimesema Keya. Tuendelee nayo, maana katika beji zake kuna mambo ambayo kwenye vitabu vya shule hupitwa upesi. Askari wa Kiafrika wa Wajerumani alivaa tarbushi la kaki lenye tai mbele. Waingereza waliuchukua mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916. Mwaka uliofuata waliunda upya batalioni ya sita ya Keya, na wengi walioandikwa humo walikuwa askari wa zamani wa Wajerumani waliotekwa vitani. Fikirieni mtu huyo. Jana amevaa tai, leo anapewa baragumu, na bunduki yake inaelekezwa kwa rafiki zake wa jana. Wengine leo humwita msaliti, wengine humwita mjanja. Mimi namwona mtu aliyekuwa na njaa katika vita visivyokuwa vyake.

Katika Vita Kuu ya Pili askari wetu walivuka bahari. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru, ilipigana Burma, nchi ambayo sasa inaitwa Myanmar. Ndani yake zilikuwamo batalioni ya 26 na ya 36 za Keya, za Tanganyika. Mwaka 1944 walishuka katika bonde la Kabaw wakati wa mvua, matope mpaka magotini, malaria kila hema, na mwezi wa Desemba wakafika mto Chindwin mahali paitwapo Kalewa. Katika jeshi hilo hilo kubwa walikuwamo Wagurkha wa zile regimenti za nambari, na mkuu wake, Jenerali Slim, alikuwa amepata kutumika katika regimenti ya sita ya Wagurkha. Kwa hiyo beji ya Kigurkha ikionekana katika sanduku la mzee aliyekuwa Burma, hilo haliwi ajabu. Askari hubadilishana vitu: sigara kwa sabuni, beji kwa beji. Mnaona sasa? Kitu kile kile, nambari 7 ile ile, kwa Tanga hakifai, kwa Burma kinafaa.

Tarehe 9 Desemba 1961 tulipopata uhuru, batalioni za Keya za Tanganyika zilipewa jina la Tanganyika Rifles, na beji ya Keya ikaondoka kofiani. Makao ya batalioni ya kwanza yalikuwa hapa Dar es Salaam, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, katika kambi iliyoitwa Colito. Jina hilo lilitoka Uhabeshi, mahali ambapo Keya ya sita ilipigana na Waitalia mwezi wa Mei 1941. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi hiyo waliasi, wakidai mishahara mizuri na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 25 askari wa Kiingereza walishuka kutoka baharini, maasi yakazimwa. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Colito ikageuzwa jina ikawa Lugalo, mahali katika nchi ya Wahehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Zelewski. Wengi wenu hupita Lugalo kila siku ndani ya daladala bila kujua kwamba mnapita mbele ya jina lililotwaa nafasi ya jina jingine.

Sasa yuko mtu mmoja ambaye sijamtaja, na mkusanyaji wa beji hawezi kumpata hata akitafuta miaka mia. Huyo ni mpagazi. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 magari yalikuwa machache na wanyama walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa vichwani na watu. Wapagazi wa Waingereza walikusanywa kwa malaki, na makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps, na ulimi wetu ukaligeuza likawa Kariakoo. Ndilo jina la soko letu. Mpagazi hakupewa kofia ya gwaride wala beji ya kung'arisha. Ile sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya mji, pale Posta, maandishi yake yanawataja na wapagazi. Lakini aliyepewa mwili wa shaba ni askari mwenye bunduki.

Mkitaka kuona jambo hili kwa macho, nendeni Kinondoni, kando ya barabara ile ile ya Bagamoyo, kwenye makaburi ya vita. Makaburi hayo yalifanywa mwaka 1968, wakati makaburi 660 ya vita vya kwanza yalipohamishwa kutoka Ocean Road ili kupisha barabara mpya. Desturi ya wanaoyatunza makaburi haya duniani ni kuandika jina la marehemu na kuchonga alama ya regimenti yake, ile ile beji ya kofia, juu ya jiwe lake. Lakini Waafrika, Wakristo kwa Waislamu, hawakuwa wamewekewa alama kila mtu kaburi lake pale Ocean Road. Basi walipohamishwa, haikujulikana tena huyu ni nani na yule ni nani, wakazikwa pamoja katika makaburi ya jumla, na ukuta wa kumbukumbu ukasimamishwa mbele yao.

Muda wetu unakwisha, chukueni kalamu. Kazi ya nyumbani ni hii. Tafuta kitu kimoja cha zamani nyumbani kwako, kiwe beji, sarafu, kitambulisho, hata kijiko cha bati. Andika mistari mitano: kitu hicho ni nini, kina maandishi gani au nambari gani, kilikuwa cha nani, na nani amekuambia habari zake. Katika mstari wa tano andika lile ambalo hakuna mtu nyumbani anayelijua. Asiyeweza kuandika mistari mitano aandike mitatu, na mjukuu asimshikie kalamu. Daftari mpeni mwalimu wa darasa lenu. Juma lijalo tutasoma habari za reli ya kati. Kwaherini.